“Mwalimu alipomuuliza, alisema ameanguka”

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Miaka miwili na nusu iliyopita niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke wake wa kwanza. Tumejaliwa mtoto wa kiume, ana mwaka na miezi miwili. Mume wangu ni dereva wa lori. Akishika njia ya Kigoma au Mwanza anaweza kumaliza siku kumi, akirudi analala siku mbili anaondoka tena.

Shida yangu ni mtoto wa mume wangu. Ana miaka minane, yuko darasa la pili. Mama yake alipofariki alichukuliwa na bibi yake mzaa mama huko Kondoa, akakaa miaka minne. Mwaka jana bibi alianguka akavunjika nyonga, hawezi tena kumhudumia, hivyo Januari mume wangu akaenda kumchukua. Sikukataa, mama. Nataka ulijue hilo. Nilimnunulia sare, nikamsuka, siku ya kwanza ya shule nilimpeleka mwenyewe.

Miezi ya mwanzo hatukuwa na tatizo. Ni mtoto mkimya, ukimtuma anakwenda. Mwezi wa tatu akaja mdogo wake mume wangu, kijana wa miaka 22, kutafuta vibarua vya ujenzi kule Mtumba. Chumba ni kimoja, kwa hiyo yeye na mtoto wanalala sebuleni, yeye kwenye kochi, mtoto kwenye godoro chini. Tangu Pasaka mtoto akaanza kukojoa kitandani. Si kila siku, ila wiki haipiti. Nilimpigia bibi yake, akaapa kwamba kwake aliacha kukojoa akiwa na miaka mitatu. Sasa kwangu anakojoa kwa nini, kama si makusudi?

Mimi naamka saa kumi alfajiri. Nauza chapati na chai barabarani, wateja wangu ni bodaboda na mafundi, saa kumi na mbili lazima jiko liwe linawaka. Maji kwetu ni ya mgao, yakikatika tunanunua kwa dumu, na blanketi moja likilowa linanimalizia madumu mawili. Baridi ya Dodoma mwezi huu wa saba unaijua, na upepo wake. Godoro halikauki. Chumba chote kinanuka.

Nilianza kwa kumgombeza. Nikamnyima chai ya jioni. Nikawa namfinya. Halafu Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa nakoroga uji wa mdogo wake, nikasikia harufu, nikatoka na mwiko mkononi. Ulikuwa umetoka kwenye uji unaochemka. Nilimpiga nao mkononi mara tatu. Uji ukamganda kwenye ngozi. Hakulia. Alijifuta na gauni la kulalia, akavaa sare, akavaa sweta juu, akaenda shule. Jioni nikaona malengelenge, moja kubwa kama sarafu ya shilingi mia.

Alhamisi akarudi na karatasi, mwalimu wa darasa ananiita. Jirani yangu, ambaye mwanawe anasoma naye, akanieleza yaliyotokea. Mwalimu alimuuliza ile alama imetoka wapi, binti yangu akasema ameangukia jiko. Akaulizwa tena, akasema tena ameangukia jiko. Miguu iliniisha nguvu. Mimi sikumfundisha kusema hivyo.

Usiku ule niliingia kwenye simu kutafuta, nikasoma kwamba mtoto anayelelewa na asiye mzazi wake yuko kwenye hatari ya kuteswa mara nane kuliko wengine. Mara nane! Nikakumbuka wanavyosema, mama wa kambo si mama. Nimewaza nimrudishe Kondoa, mama yake mdogo yuko tayari kumchukua. Lakini mume wangu aliwahi kuniambia, “Siku mtoto wangu akiguswa, wewe utarudi kwenu Mpwapwa.” Hajui kitu, na Jumamosi anarudi. Hata mimi mama yangu mzazi alinipiga, kwa fimbo, kwa mwiko, nikanyooka. Je, mimi ni mtu mbaya au ni kuchoka? Nimwambie? Nimrudishe mtoto? Kwa mwalimu nikaseme nini? Nalala macho wazi.

Mama wa kambo, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu,

Naanzia kwenye mkono wa mtoto, mengine yatafuata. Hujaniambia lile lengelenge lina hali gani leo. Kama halijapasuka usilipasue, na usilipake dawa ya meno, unga wala mafuta ya kupikia. Mpeleke zahanati wamwangalie. Mkiwa hukohuko omba wampime na mkojo. Mtoto aliyekaa miaka mitano bila kukojoa kitandani kisha akaanza upya anapaswa kupimwa kabla ya kugombezwa. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuleta hali hiyo, hata choo kigumu kinaweza, na mara chache kisukari. Huzuni na hofu nazo zinaleta. Makusudi, karibu hakuna. Mtoto anakuwa amelala, mwanangu, anashtukia tayari kumelowa. Ile chai uliyomnyima mrudishie, ila aipate mapema jioni, na umwamshe akojoe kabla hujalala wewe. Chini ya shuka tandika nailoni, godoro lipumzike na madumu yako yapumzike.

Nikikusikia vizuri, umeniuliza maswali manne lakini linalokunyima usingizi ni moja: je, kwa kuwa hukumzaa mtoto huyu, wewe ni hatari kwake?

Hesabu yako ya mara nane naijua. Inatoka Marekani, kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2005 na 2006 ambao ripoti yake ilitolewa 2010. Walioonekana kuwa kwenye hali mbaya kabisa ni watoto wanaoishi na mzazi mmoja pamoja na mpenzi wake aliyehamia nyumbani bila ndoa. Hao ndio walioteswa au kutelekezwa kwa kiwango kinachozidi mara nane ya watoto wanaoishi na baba na mama zao wazazi walio kwenye ndoa. Ndoa yako haimo kwenye kundi hilo. Lakini usiitupe hesabu yenyewe. Watafiti wamekuwa wakiiona hatari kwenye nyumba zenye wazazi wa kambo tangu miaka ya 1980 huko Kanada, na ukweli huo haufai kufunikwa ili wewe upate usingizi. Kuna kitu kingine kwenye ripoti hiyohiyo ya Marekani ambacho simu yako haikukuonyesha: watoto wa kaya maskini walikutwa na kiwango kinachozidi mara tano ya wenzao. Kwa hiyo waliopima walikuta umaskini umekaa palepale, pamoja na mambo mengine mengi ya nyumbani, na hesabu ya maelfu ya watoto haiwezi kukuambia wewe Jumanne alfajiri ulikuwa nani.

Tena tuje kwetu. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa hapa Tanzania, vijana wa miaka 13 hadi 24 wakaulizwa waliyoyapitia utotoni. Karibu robo tatu yao, wasichana kwa wavulana, walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na waliotajwa sana ni ndugu na walimu. Haiwezekani robo tatu ya watoto wa nchi hii wote wawe na mama wa kambo. Wengi wanapigwa na waliowazaa.

Wewe mwenyewe ni shahidi. Aliyekupiga kwa mwiko alikuwa mama yako mzazi. Unasema ulinyooka, na sitaki kukuvunjia heshima mama yako, huenda naye alikuwa anaamka saa kumi. Lakini hebu kaa na kumbukumbu hiyo kidogo. Siku ulizopigwa, ulijifunza kosa lako au ulijifunza kusoma uso wake ukiingia mlangoni? Na ulipopata alama, shuleni ulisemaje? Huna haja ya kunijibu mimi.

Hili la mwiko wa moto sitalipunguza jina. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inamruhusu mlezi kumrekebisha mtoto, lakini inasema hakuna marekebisho yanayokubalika yakizidi kipimo kwa umri wake na hali ya mwili na akili yake. Kumchoma mtoto wa miaka minane kwa sababu ya mkojo wa usingizini kumevuka hapo, nawe unajua, ndiyo maana umeandika. Lakini hukufika kwenye mwiko kwa siku moja. Ulianza kwa maneno, ukaenda kwenye chai, ukaenda kwenye kufinya. Unaona njia ilivyokwenda? Kila hatua ilikuwa alfajiri, maji hakuna, mumeo hayupo, mtoto mdogo analia, chapati zinasubiri. Mkono mmoja haulei mwana, na wako ulikuwa mmoja kweli. Kwenye nyumba za tembe za zamani za huku kwetu mtoto alipita mikononi mwa bibi, shangazi, wake wenza, dada wakubwa. Nako watoto walipigwa, nisikudanganye. Ila macho yalikuwa mengi, na mtu aliyeshikwa na hasira alikuwapo wa kumwambia, lete mtoto huku, wewe kapumzike. Kwako nani anasema hivyo? Yule jirani aliyekuletea habari ya shuleni, je, anaweza kubaki na mdogo alfajiri tatu kwa wiki, nawe umlipe hata kwa chapati? Na yule kijana wa miaka 22 anayelala kwenye kochi, kwa nini madumu hayabebi yeye?

Nikiwa hapo kwa huyo kijana, nitakwambia jambo ambalo wewe umelipita haraka mimi nikasimama. Umeandika kwamba alikuja mwezi wa tatu, wanalala sebuleni wawili. Sentensi inayofuata umeandika kwamba tangu Pasaka mtoto akaanza kukojoa. Simtuhumu mtoto wa watu, na nakuomba sana usikimbilie kumtuhumu wewe. Inawezekana kabisa choo chenu ni cha nje, na mtoto anaona haya kumpita baba mdogo wake gizani na kufungua komeo. Inawezekana kijana anachezea simu hadi usiku wa manane, mtoto akilala analala kama gogo. Inawezekana huzuni ya bibi imemkuta sasa, si Januari. Na inawezekana kuna jambo linalofanyika usiku ambalo yeye hana neno la kulisemea. Katika utafiti uleule wa 2009, karibu wasichana watatu kati ya kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kukojoa peke yake hakuthibitishi lolote. Lakini mtoto aliyesema ameanguka ili kukulinda wewe, ni mtoto anayejua kutunza siri za wakubwa.

Kwa hiyo mengine yote nakuachia uyapime, hili moja naomba lisingoje kesho. Usiku wa leo mtoto ahamie chumbani kwako, wewe na mdogo wake. Huhitaji kutoa sababu kwa mtu. Sema unataka uwe unamwamsha usiku akojoe, nayo ni kweli. Mumeo akija kwa siku zake mbili, yeye na yule kijana watajuana na sebule. Kisha, mkiwa wawili tu, labda ukimsuka maana hapo hamtazamani machoni, muulize maswali yaliyo wazi. Usiku ulikuwa unalalaje kule sebuleni? Kuna kitu huko hukukipenda? Usimtajie mtu, usimtajie tendo, usirudie swali mara tano. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema jambo zito, usipige kelele wala usimkabili kijana. Mwambie umemwamini, usimwogeshe, mpeleke hospitali mapema, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Ukikosa pa kuanzia, piga 116, ni simu ya msaada kwa mtoto, bure, na hata wewe mtu mzima unapokelewa.

Sasa Kondoa. Naelewa kwa nini unaitazama barabara ile. Mtoto akiondoka, hasira zako hazina pa kuangukia na mwalimu hana pa kuuliza. Pengine mama mdogo ana nafasi, ana upendo, ana sura ya dada yake ambayo mtoto ameikosa. Pengine huko ndiko kwake kweli. Lakini nyumba yake unaijua? Nani wanalala humo, wangapi, mtoto atalala wapi? Undugu wa damu haumfanyi mtu kuwa salama, kama vile ukambo haumfanyi mtu kuwa mkatili. Na umhesabie na yeye: amefiwa na mama, amemwacha bibi, akiondoka tena katikati ya mwaka atajiambia amefukuzwa kwa sababu ya mkojo. Kama mtaamua aende, aamue baba yake pamoja nanyi, aulizwe naye, na aondoke mchana kwa kuagwa. Likizo ya Desemba kwa bibi inaweza kuwa jambo jingine kabisa, isichanganywe na kurudishwa.

Kuhusu mumeo, ndipo ninapoogopa zaidi kukosea, kwa sababu simjui. Hujaniambia kama amewahi kukupiga. Kama amewahi, usimwambie mkiwa wawili usiku. Mtafute mtu anayemheshimu, shangazi yake, mshenga, kiongozi wenu wa dini, akae nanyi. Hata dawati la jinsia na watoto polisi ni lenu ninyi wawili, wewe na mtoto. Kama hajawahi, na lile neno la Mpwapwa lilikuwa la mdomo tu, basi pima hili: jirani anajua, mwalimu anashuku, kijana wa sebuleni alikuwapo asubuhi ile. Atasikia. Atakalolisikia kwako linaweza kumwumiza. Atakalolisikia barabarani linaweza kumfanya asikuamini tena kwa lolote. Naye ana lake la kujibu. Alikuletea mtoto aliyefiwa, akakuongezea na mdogo wake, akapanda lori. Alipiga hesabu gani ya nani ataamka saa kumi? Unaweza kumwuliza hilo bila kujitetea kwa ulilolifanya. Ila usimwambie kwa simu akiwa njiani, wala usimwambie wasiwasi wa sebuleni kama vile ni jambo lililothibitika.

Kuna hatari pia katika kwenda kwa mwalimu, nisikufiche. Sheria inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe serikali za mitaa, naye mwalimu ni mmojawao. Anaweza kumwita afisa ustawi wa jamii. Nimefanya kazi na maafisa hao miaka mingi. Wengi watataka kuja nyumbani, kuona mtoto analala wapi, kuzungumza nanyi, kurudi tena. Siwezi kukuahidi kwamba haitaishia polisi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mlezi aliyekuja mwenyewe, akasema mwenyewe, na tayari mtoto ameshaonwa zahanati na kubadilishiwa pa kulala, anasikilizwa tofauti na aliyefuatwa. Na afisa huyo ndiye anayeweza kukaa mezani na mumeo wakati wewe huwezi.

Ukienda, usiithibitishe ile habari ya jiko. Katika barua yako nzima umemwita mtoto wa mume wangu, mtoto, mtoto. Mara moja tu umeandika “binti yangu”, na ni pale alipodanganya kwa ajili yako. Usimwache amesimama peke yake kwenye uongo ule.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, akiwa tayari kitandani chumbani kwako, mwambie kwa maneno mafupi: “Hukuanguka. Mimi ndiye niliyekuchoma, na nilikosa. Kesho namwambia mwalimu.” Usimwombe akusamehe papo hapo, usilie ili akubembeleze. Huenda asijibu kitu, huenda akaitazama tu mikono yako. Zima taa, mwamshe saa sita akojoe, umshikie tochi hadi chooni.

Asubuhi wale bodaboda watakunywa chai kwa mwingine. Chukua karatasi ya mwalimu, na cheti cha zahanati, mwende pamoja. Ukirudi, niandikie.